Rondeau wa Le Mans: Historia ya Karakana Ndogo katika Mbio za Saa 24, 1976–1985

Zitajwapo mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa, majina yanayomjia msikilizaji aghalabu ni ya viwanda: Bentley, Ferrari, Ford, Porsche, Audi. Wala si ajabu. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1923, yanadai mali nyingi na mafundi wengi, na mwenye kiwanda hubeba hasara ya mwaka mmoja kwa kutumainia faida ya mwaka ufuatao. Walakini, tarehe 15 Juni 1980, gari lililotangulia kumaliza halikutoka katika kiwanda chochote cha hao wakuu. Lilitengenezwa katika karakana iliyokuwa pembezoni mwa mji huohuo wa Le Mans, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa jina la mmoja wa madereva wake wawili. Jean Rondeau alishinda akiwa ndani ya Rondeau. Hakuna mtu mwingine, kabla yake wala baada yake, aliyeshinda mbio hizo akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mnyonge aliyewashinda wenye nguvu. Kuisimulia hivyo si uwongo, lakini ni kuikata kipande. Karakana iliyoshinda mwaka 1980 ilikuwa imekwisha kufa kabla mwaka 1984 haujaingia, na yaliyoiua yalikuwa yamo ndani yake tangu ilipozaliwa. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo toka mwanzo wake, nayo hayataishia penye shangwe.

Kwanza yafaa kueleza mbio zenyewe, kwa kuwa msomaji wa Afrika Mashariki amezoea mbio za namna nyingine. Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, zilikuwa mbio za kwenda mbali: gari lilitoka mjini, likapita vumbi, matope na mito iliyofurika, likarudi siku kadhaa baadaye likiwa limechakaa. Le Mans gari haliendi popote. Linazunguka njia moja ya lami, ambayo mwaka 1980 ilikuwa na urefu wa kilomita 13.6 hivi, tena sehemu kubwa ya njia hiyo ni barabara ya kawaida ambayo siku nyingine hupitwa na malori na wakulima. Madereva wawili au watatu hupokezana kiti kimoja tangu saa kumi alasiri ya Jumamosi hadi saa kumi alasiri ya Jumapili. Ipo sehemu iliyonyooka, iitwayo Hunaudières, yenye urefu wa karibu kilomita 6, ambayo hadi mwaka 1990, ilipowekewa vipinda vya kupunguza mwendo, gari liliweza kuipita likiwa limekanyagwa mafuta hadi mwisho kwa dakika nzima na zaidi, usiku na mchana, kwenye mvua na kwenye ukungu wa alfajiri. Kinachopimwa basi ni ustahimilivu, na neno hili la Kiswahili linatosha kabisa, kwani hustahimili mtu na huweza kustahimili chuma.

Baina ya Safari na Le Mans kuna mfanano mmoja unaohusu mada hii. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumiwa na kiwanda mwaka uliotangulia, huku wao wenyewe wakiwa mafundi wake. Katika mbio za kustahimili mdogo hupata nafasi ambayo katika mbio fupi hana, kwa sababu mwenye kasi kuliko wote siye lazima awe wa mwisho kuharibikiwa.

Jean Rondeau alizaliwa mjini Le Mans mwaka 1946. Kwa mtoto wa mji huo, juma moja la mwezi Juni ni kama sikukuu: mji hujaa wageni, na sauti za injini husikika hadi vitandani. Aliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza mwaka 1972 kama dereva, na miaka michache iliyofuata aliendelea kuwa dereva wa wastani miongoni mwa wengi, mwenye kulipa ili aendeshe. Tofauti yake na wenziwe ni kwamba hakuridhika kutafuta kiti katika gari la mtu. Alitaka kuunda gari lake, liundwe Le Mans, na watu wa Le Mans.

Nafasi aliipata katikati ya miaka ya 1970, wakati chama kinachosimamia mashindano hayo kilipofungua kundi jipya la magari yaliyofunikwa, lililoitwa GTP. Kundi hilo lilikuwa mlango kwa waundaji wadogo, maana halikumlazimu mtu kuwa na kiwanda kilichotengeneza mamia ya magari ya kuuza. Rondeau alikuwa na michoro, lakini mkono mtupu haulambwi. Fedha alizipata mahali ambapo hakuna angepatarajia: kwa kampuni ya Inaltera, iliyotengeneza karatasi za kupamba kuta za nyumba, na ambayo mkurugenzi wake, Charles James, aliridhia kulipa gharama za timu nzima. Hivyo magari ya kwanza aliyoyabuni Rondeau hayakuitwa Rondeau. Yaliitwa Inaltera.

Jambo hili lastahili kuangaliwa vizuri. Katika lugha ya mashindano timu ya namna hii huitwa timu huru, kwa maana kwamba haimilikiwi na kiwanda cha magari. Huko kwingine uhuru huo hauonekani sana. Aliye huru mbele ya kiwanda huwa mtumwa mbele ya mdhamini. Rangi ya gari ni ya mdhamini, jina ni la mdhamini, na siku mdhamini akichoka hakuna gari. Rondeau aliyajua hayo kwa kuyapitia kabla hajafikisha umri wa miaka 32.

Kwa upande wa barabarani Inaltera ilianza vizuri mno. Mwaka 1976 Rondeau aliweza kuwapata madereva wawili mashuhuri wa Ufaransa, Jean-Pierre Beltoise na Henri Pescarolo, ambaye alikuwa amekwisha kushinda Le Mans mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Wawili hao walimaliza wa nane na wakashinda katika kundi la GTP. Mwaka uliofuata Rondeau mwenyewe, akisaidiana na Jean Ragnotti, alimaliza wa nne, na kundi likashindwa tena na Inaltera. Gari jingine la timu hiyo, lililoendeshwa na wanawake wawili, Mwitalia Lella Lombardi na Mbelgiji Christine Beckers, lilimaliza la 11. Kwa timu ya miaka miwili, iliyokuwa ikishindana na Porsche na Renault, hayo yalikuwa mavuno.

Kisha kampuni ya karatasi ikapata wenyewe wapya, nao hawakuona sababu ya kampuni kuwa na magari ya mashindano. Msaada ukakatwa. Magari yakauzwa. Mtu aliyeyabuni hakubakiwa na gari hata moja, kwa kuwa hakuwa na haki nayo. Alibakiwa na ujuzi, mafundi kadhaa waliokubali kukaa naye, na miezi michache kabla ya Juni 1978.

Hapo ndipo karakana ya Rondeau ilipozaliwa hasa. Gari lililoundwa katika miezi hiyo liliitwa M378. Tarakimu mbili za mwisho ni za mwaka. Herufi M ni ya Marjorie, mwenzi wa Rondeau, aliyeshika hesabu na uendeshaji wa timu. Waandishi wa michezo wa wakati ule walimtaja kwa nadra, nao wanaosimulia ushindi wa 1980 bado humtaja kwa nadra, ilhali katika timu iliyoishi kwa kuhesabu senti mshika hesabu ana sehemu yake katika kila mzunguko wa gari. Herufi hiyo moja imefanya kazi ambayo kurasa nyingi hazikuifanya.

Injini haikuundwa Le Mans. Hakuna karakana ya kiasi kile inayoweza kuunda injini yake, na Rondeau, kama waundaji wengi wa siku zile, alinunua injini ya Cosworth DFV kutoka Northampton, Uingereza: mitungi minane, lita tatu, iliyokuwa imeanza kushindana mwaka 1967 katika mbio za Formula One na kutawala humo kwa miaka mingi. Faida yake ni kwamba yeyote mwenye fedha aliweza kuinunua. Hasara yake ni kwamba iliundwa kwa ajili ya mbio za saa mbili. Ilikuwa na mtetemo mkali uliolegeza kila kitu kilichofungwa karibu nayo, na aliyetaka idumu saa 24 alipaswa kuipunguzia nguvu na kumwamuru dereva asiizungushe kupita kiasi. Kabla ya Rondeau ilikuwa imeshinda Le Mans mara moja tu, mwaka 1975, katika gari la Mirage lililoendeshwa na Jacky Ickx na Derek Bell.

Mwaka 1978 gari moja tu, likiendeshwa na Rondeau pamoja na Bernard Darniche na Jacky Haran, lilimaliza la tisa na kushinda kundi lake. Mwaka 1979 magari yalikuwa matatu. Ragnotti na Darniche walimaliza wa tano, na Beltoise na Pescarolo wa kumi. Timu ikawa na sifa ya ajabu kidogo: magari yake hayakuwa na kasi kuliko yote, lakini yalifika.

Mwaka 1980 hali ya mashindano ilibadilika kwa namna iliyomfaa. Renault, baada ya kushinda mwaka 1978, ilikuwa imeondoka Le Mans ili kuelekeza nguvu zake zote katika Formula One. Porsche, kama kiwanda, ilileta magari ya aina ya 924 tu, yasiyotazamiwa kushinda mbio zote. Lakini haikuwa kweli kwamba hapakuwa na mpinzani. Alikuwapo Reinhold Joest, Mjerumani mwenye timu yake binafsi, aliyekuja na gari lililoitwa Porsche 908/80, ambalo kwa umbo na mitambo lilifanana mno na zile 936 za kiwanda. Na pembeni yake alikuwa Jacky Ickx, mshindi wa Le Mans mara nne wakati huo. Rondeau alikuja na magari matatu. La kwanza, lenye jina la kampuni ya ITT, alipewa Pescarolo na Ragnotti. La pili, lililogharimiwa na gazeti la Le Point, aliliendesha mwenyewe na Jean-Pierre Jaussaud, aliyekuwa mmoja wa washindi wa 1978 katika Renault. La tatu, lenye jina la sigara za Belga, lilikuwa la ndugu wawili Wabelgiji, Jean-Michel na Philippe Martin, pamoja na Mwingereza Gordon Spice. Magari matatu, wadhamini watatu. Somo la Inaltera lilikuwa limeeleweka: asiyetaka kuangushwa na mmoja hutegemea watatu.

Mbio zilianza katika mvua kubwa. Gari la Pescarolo, lililoanzia mbele ya yote, liliharibikiwa injini likatoka. Usiku uliendelea kwa mashindano baina ya Porsche ya Joest na Rondeau ya Rondeau. Porsche ilikuwa na kasi zaidi, nayo iliongoza kwa muda mrefu. Asubuhi ya Jumapili ikapata hitilafu ya gia. Mafundi wa Joest walifanya kazi kwa haraka, lakini katika mbio hizi kusimama karibu nusu saa ni kupoteza mizunguko kadhaa, na gari lenye jina la Rondeau likawa mbele.

Saa za mwisho ndizo zilizowatoa watu jasho. Ickx alianza kuupunguza mwanya. Mvua ikarudi, ikanyesha upande mmoja wa njia huku upande mwingine ukiwa mkavu, na lami ikateleza. Hapo kila timu ililazimika kukata shauri. Ickx aliingia kubadilisha tairi, akafungiwa tairi za mvua. Jaussaud, aliyekuwa usukani katika gari lililoongoza, alikaa na tairi za kipara, zile zisizo na mifereji, ambazo zikikuta maji hazina pa kuyapeleka. Shauri lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: mvua ingekuwa fupi, na kusimama mara mbili kubadilisha tairi kungempa Ickx kile alichokuwa akikitafuta. Gari liliteleza na kuzunguka, lakini halikuvunjika. Mvua ikapita. Saa kumi alasiri Rondeau na Jaussaud walikuwa wamezunguka mara 338, kilomita 4,608, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 192 kwa saa. Joest na Ickx walikuwa mizunguko miwili nyuma. Gari la ndugu wa Ubelgiji na Spice lilishika nafasi ya tatu na ushindi wa kundi la GTP.

Inafaa kutaja na aliyeshika nafasi ya nne, kwa kuwa huwa hatajwi. Lilikuwa gari la WM, lililoendeshwa na Guy Fréquelin na Roger Dorchy. WM ilikuwa timu ya Gérard Welter na Michel Meunier, watumishi wa Peugeot waliokuwa wakiunda magari ya mashindano nje ya saa zao za kazi. Kwa hiyo nafasi nne za mbele za mwaka 1980 zilishikwa zote na timu zisizokuwa za kiwanda. Wasemao kwamba Rondeau alishinda kwa sababu wakubwa hawakuwapo wanasema nusu ya neno. Kutokuwapo kwao kulifungua mlango, na waliongoja mlangoni walikuwa wengi. Aliyeingia wa kwanza ni yule ambaye kwa miaka minne mfululizo alikuwa amejifunza kumaliza.

Ushindi ulileta fedha, na fedha zikaleta tamaa, au tuseme matumaini, kwa kuwa kwa mbali hayo mawili hufanana. Mwaka 1981 Rondeau hakuleta magari matatu bali matano. Karakana iliyokuwa na mafundi wa kuangalia magari mawili vizuri na la tatu kwa taabu, sasa ilikuwa na matano mbele yake katika usiku mmoja. Porsche ilirudi na 936 zake, na Ickx alikuwa katika mojawapo pamoja na Bell.

Jumamosi ile, tarehe 13 Juni 1981, kabla jua halijashuka, tayari mwamuzi mmoja wa kando ya njia alikuwa amekufa katika ajali ya gari la WM kwenye Hunaudières. Haukupita muda mrefu, na katika Hunaudières hiyohiyo, gari la Rondeau lililoendeshwa na Jean-Louis Lafosse likaacha njia ghafla, likagonga vizuizi vya chuma. Lafosse alikufa papo hapo. Alikuwa dereva wa siku nyingi, mshindi wa pili wa Le Mans mara mbili, mwaka 1975 katika Ligier na mwaka 1976 katika Mirage, na mwenzake katika gari siku hiyo alikuwa Ragnotti, ambaye alikuwa akingoja zamu yake. Watu waliotazama waliona gari likikata upande bila dereva kuligeuza, na dhana iliyobaki ni kwamba kitu fulani kilivunjika katika springi au mikono ya magurudumu.

Mtu akitaka kuhukumu hapa yampasa awe mwangalifu. Chuma huvunjika hata katika viwanda vikubwa. Lakini haiwezekani kuandika historia ya karakana hii na kuyapita mambo hayo mawili, magari matano na kifo kimoja, bila kuyaweka katika ukurasa mmoja. Mbio ziliendelea, kama zinavyoendelea siku zote huko. Gari la Rondeau mwenyewe na Jaussaud lilitoka. Jumapili alasiri matokeo yalitangazwa: Porsche ya Ickx na Bell ya kwanza, Rondeau ya Jacky Haran, Jean-Louis Schlesser na Philippe Streiff ya pili, Rondeau ya Gordon Spice na François Migault ya tatu. Kwa hesabu ya karatasi, huo ulikuwa mwaka wa pili bora katika maisha ya timu.

Mwaka 1982 ulileta sheria mpya zilizoitwa Group C. Uzito wa chini uliwekwa kilo 800. Tangi lilitakiwa lisizidi lita 100, na idadi ya kujaza mafuta ikahesabiwa, ili mbio zisiwe za nguvu tu bali za matumizi mazuri ya mafuta. Kwa mdogo, sheria mpya huonekana kama baraka, kwa sababu wote huanza sawa. Tena Rondeau alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa na gari tayari. Mwezi Aprili mwaka huo, katika mbio za kilomita 1,000 za Monza, Italia, Pescarolo na Mwitalia Giorgio Francia waliipatia Rondeau M382 ushindi wa mbio za ubingwa wa dunia. Kwa miezi kadhaa karakana ya Le Mans iliongoza katika orodha ya ubingwa wa waundaji.

Lakini kuanza sawa si kumaliza sawa. Porsche ilikuwa imeunda gari jipya kabisa, 956, na injini yake yenye turbo ilikuwa imezaliwa ndani ya kiwanda hichohicho, ikijaribiwa na watu walewale waliounda gari. Rondeau alikuwa na Cosworth mpya iliyoongezwa ukubwa, DFL, na mtetemo ule wa zamani uliongezeka pamoja na ukubwa. Le Mans mwaka huo 956 za kiwanda zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Magari ya timu ya Rondeau yaliharibika moja baada ya jingine. Ubingwa wa mwaka nao ukaenda Porsche, Rondeau wa pili. Kwa karakana ya watu wachache kuwa ya pili duniani nyuma ya Porsche ni jambo kubwa, lakini mdhamini halipi kwa ajili ya nafasi ya pili.

Tumaini la mwisho lilikuwa M482, gari pana lenye mkia mrefu, lililobuniwa kuutumia upepo upitao chini yake ili ulikandamize barabarani. Kwa ajili ya Le Mans ya 1983 Rondeau alipata msaada wa Ford wa Ufaransa, akaleta magari matatu. Msaada huo ulikuja wakati ambapo Ford yenyewe ilikuwa imeuacha mpango wake wa gari la C100, hivyo injini ya DFL ikabaki bila kiwanda kikubwa cha kuitia fedha iboreshwe. Mwisho wake ulikuwa wa kutarajiwa. Magari yote matatu ya M482 hayakumaliza. Injini ndizo zilizoyatoa. Aliyekuwa na sifa ya kufika hakufika tena hata mara moja. Kufikia mwisho wa mwaka huo kampuni ilikuwa imeanguka. Magari yalienda kwa wanunuzi binafsi, ambao waliendelea kuyashindanisha kwa miaka kadhaa.

Sababu ya kuanguka huko hutajwa kuwa ni Porsche 956. Hilo ni kweli kwa juu juu. Linganisha na Joest, yule aliyekuwa wa pili mwaka 1980. Joest naye alikuwa na timu binafsi, wala hakuwa na fedha za kiwanda. Lakini Joest hakuunda gari. Alinunua 956 kutoka kwa Porsche, akaitunza vizuri kuliko Porsche wenyewe, na kwa gari moja hilohilo, namba 117 ya uundaji, akashinda Le Mans mwaka 1984 na tena mwaka 1985, mara ya pili akiwashinda hao waliomuuzia. Rondeau alitaka kitu ambacho Joest hakukitaka, nacho kilikuwa na bei yake. Anayeunda gari lake hulipa kila mwaka gharama ya makosa yote yanayotokana na kuunda. Anayenunua hulipa mara moja, na makosa yamekwisha kulipiwa na mwingine. Kama Rondeau angekubali kuwa mnunuzi, huenda angedumu. Asingekuwa Rondeau, wala isingekuwapo habari ya kuandikwa.

Mwaka 1984 alikubali, lakini kama dereva wa mtu mwingine. Porsche kama kiwanda haikuja Le Mans mwaka huo, kwa kutokubaliana na mabadiliko ya sheria, na uwanja ukabaki kwa wenye 956 binafsi. Rondeau aliendesha 956 ya Mmarekani Preston Henn, akisaidiana na John Paul Mdogo, akamaliza wa pili. Aliyemshinda alikuwa Pescarolo, pamoja na Klaus Ludwig, katika 956 ya Joest. Watu wawili walioanza pamoja na gari la kampuni ya karatasi za ukuta walisimama jukwaani kwa magari ya Porsche, na hakuna hata gari moja baina ya hayo mawili lililoundwa Ufaransa.

Mwaka 1985 aliendesha kwa timu ya WM, ambayo ilikuwa bado inaunda magari nje ya saa za kazi, na ambayo mwaka 1988 ingepimwa ikipita Hunaudières kwa kilomita 405 kwa saa na Dorchy usukani. WM haikuwahi kushinda Le Mans. Lakini wenyewe walikuwa na mishahara mahali pengine, na ndiyo maana walidumu.

Tarehe 27 Desemba 1985, huko Champagné, karibu na Le Mans, gari la Jean Rondeau liligongwa na treni katika kivuko cha reli. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Mjini hapo kazi ya kuunda magari haikukoma. Yves Courage, aliyeanza kuunda yake mwaka 1982, Rondeau angali akishindana, alifika nafasi ya pili mwaka 1995 kwa gari la Bob Wollek, Mario Andretti na Éric Hélary, mzunguko mmoja nyuma ya McLaren. Pescarolo, alipokwisha kuacha usukani, alianzisha timu yake mwaka 2000, naye akawa wa pili mwaka 2005 na 2006. Baadaye timu hiyo nayo ilifikishwa mahakamani kwa madeni na mali zake zikauzwa. Jaussaud, aliyekaa na tairi za kipara katika mvua ya 1980, aliishi hadi mwaka 2021.